Kusanifu Fleti za Likizo kwa Ajili ya Waendao kwa Miguu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Langoni hadi Barazani

Familia inafika usiku. Mama amembeba mtoto aliyelala begani, baba anaburura mabegi mawili ya magurudumu, na kijana wao anatafuta namba ya fleti kwa tochi ya simu. Dakika zile tatu au nne, tangu gari linapozimwa hadi mlango unapofunguka, hupima usanifu wa fleti za likizo kuliko picha yoyote ya bwawa la kuogelea. Asubuhi yake kinafuata kipimo cha pili: je, mtu akitoka na kikombe chake mkononi, anapata mahali pake mwenyewe pa kukaa nje, asionwe na kila apitaye, wala asijihisi amefungiwa?

Vipimo hivyo viwili nimevishughulikia pamoja kwa sababu havitenganiki. Gari likisogezwa karibu mno na mlango, hula ardhi ambayo ingekuwa ua wa mgeni, na huleta taa, moshi na kelele mpaka dirishani. Likisukumwa mbali bila njia nzuri ya kutembea, wageni hulirudisha kwa nguvu, wakaliegesha juu ya nyasi na mbele ya mabaraza ya wenzao. Faragha ya nje hupatikana au hupotea pale njia ya miguu inapochorwa, mapema kabisa, kabla hata ya umbo la majengo kujulikana.

Namba nitakazotaja ni za kuanzia mchoro. Sheria za ujenzi za mahali ulipo, hasa zinazohusu moto na watu wenye ulemavu, ndizo zitakazoamua.

Hatua ya kwanza: Kitembee kiwanja kabla ya kukichora

Pata kwanza ramani ya vipimo inayoonyesha mwinuko wa ardhi kwa kila nusu mita, miti iliyopo pamoja na upana wa matawi yake, na mahali maji yanapopita mvua inaponyesha. Kisha kitembee kiwanja chenyewe asubuhi, alasiri na usiku, ukiwa na ramani hiyo mkononi. Andika jua linapopiga, upepo unapotoka, kelele inapotokea, na mahali ambapo wewe mwenyewe ulitamani kusimama au kukaa. Mahali hapo pa kutamanika pasipewe jengo. Msanifu asiyezoea huweka nyumba pale pale palipo pazuri zaidi, na akimaliza kujenga, uzuri ule haupo tena.

Angalia miteremko kwa makini. Ardhi inayopanda mita 1 katika kila mita 20 hupitika na karibu kila mtu. Ikipanda zaidi ya hapo, njia italazimika kuzunguka, na mzunguko huo huhitaji nafasi ambayo ni lazima uitenge sasa.

Kabla hujaendelea, hesabu magari. Gari moja lililoegeshwa, pamoja na sehemu yake ya kugeuzia, huchukua kati ya mita za mraba 25 na 30. Magari 40 yatakula si chini ya mita za mraba 1,000, ardhi ambayo ingeweza kuzipa fleti 50 ua wa mita za mraba 20 kila moja. Mweleze mwenye mradi hesabu hiyo mapema, kwa maana ndipo anapoona kwamba kila gari analoliondoa linamrudishia kitu anachoweza kumpangisha mgeni.

Hatua ya pili: Amua gari linaishia wapi

Clarence Stein na Henry Wright walipopanga mtaa wa Radburn, huko New Jersey nchini Marekani, mwaka 1929, walitenganisha njia za magari na za miguu. Magari yaliingia kwa barabara fupi zisizopenya upande wa pili, na sehemu nyingine ya nyumba ikatazama bustani ya pamoja yenye njia za miguu. Wazo hilo liliigwa katika nchi nyingi, na mahali pengi likakwama kwenye jambo moja dogo: wakazi walizoea kuingia kwa mlango ulio karibu na gari. Mlango wa bustanini ukageuka kuwa wa uani, njia ya miguu ikabaki bila watu, na njia isiyo na watu huogopesha hata ikiwa imepambwa kwa maua. Funzo lake kwa fleti za likizo ni kwamba fleti isiwe na milango miwili inayoshindana. Mgeni anayetoka kwenye gari na mgeni anayetoka bwawani waingie kwa njia moja na mlango mmoja.

Kijiji cha likizo cha Port Grimaud, kusini mwa Ufaransa, ambacho François Spoerry alianza kukijenga katika miaka ya 1960, kinaonyesha suluhisho lililo wazi zaidi. Magari ya wageni hubaki kwenye maegesho ya langoni, na ndani watu hutembea au hutumia mashua kwenye mifereji. Mtu aliye likizoni hukubali kuliacha gari lake kwa urahisi kuliko mkazi wa kila siku, kwa kuwa halihitaji kila asubuhi. Hiyo ni nafuu kubwa kwa msanifu wa majengo ya aina hii, na nasikitika kuona inavyopuuzwa.

Weka maegesho pembezoni, karibu na lango, chini ya miti, na ikiwezekana uyagawe katika vifungu viwili au vitatu badala ya uwanja mmoja mpana wa lami. Mita 100 kati ya gari na mlango ni umbali mwema, na mita 150 bado zinavumilika kama njia ni laini na kuna vitoroli vya mizigo pale pale maegeshoni. Ukizidi hapo, andaa gari dogo la umeme la kuhudumia wageni, wala usitegemee subira yao. Tenga pia nafasi chache karibu na fleti zinazomfaa mtu wa kiti cha magurudumu, kwa kuwa kwake mita 100 si matembezi ya kujifurahisha.

Suala la gari la zimamoto lizungumzwe na wahusika katika hatua hii hii. Kanuni hutofautiana, lakini Uingereza, kwa mfano, hutaka njia yenye upana wa mita 3.7 na gari liweze kufika mahali ambapo hakuna sehemu ya fleti iliyo mbali zaidi ya mita 45. Usikubali takwa hilo likulazimishe kujenga barabara ya lami katikati ya bustani. Njia kuu ya miguu iliyojengewa msingi imara, yenye ukanda wa nyasi zilizooteshwa ndani ya matofali ya zege yenye matundu, hubeba lori siku ya dharura na watoto wa baiskeli siku nyingine zote. Mwanzoni mwake simika nguzo zinazong'olewa kwa ufunguo.

Pale ambapo gari halina budi kuingia, fuata mfano wa jiji la Delft, Uholanzi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 barabara za makazi za huko zilipewa miti, mapindo na mabenchi ili dereva ajione yumo sebuleni mwa watu, na mwaka 1976 mitaa ya namna hiyo ikatambuliwa na sheria za nchi. Ondoa ukingo unaotenganisha barabara na njia ya miguu, pinda njia kila baada ya mita chache, na mwendo utashuka bila kibao chochote.

Hatua ya tatu: Chora njia za miguu kwa daraja zake

Njia kuu, inayotoka langoni hadi kwenye huduma za pamoja, ipewe mita 2.5 hadi 3, ili kitoroli na familia vipishane bila mtu kushuka nyasini. Matawi yake yawe na mita 1.8, upana unaotosha viti viwili vya magurudumu kupishana. Kijia cha mwisho, kinachoelekea milango miwili au mitatu, kinaweza kubanwa hadi mita 1.2. Kupungua huko kwa upana kuna kazi ya pili: bila kuandika popote, kunamwambia mpita njia kwamba anaingia penye wenyewe.

Shika mteremko wa 1 kwa 20 popote inapowezekana. Ukilazimika kufika 1 kwa 12, weka vishikio pande zote mbili, na kila njia inapopanda sentimita 76 weka kituo cha sakafu bapa chenye urefu wa mita 1.5. Penye ngazi, tumia kanuni ambayo Mfaransa François Blondel aliitoa katika karne ya 17: kimo cha vipandio viwili, ukikijumlisha na upana wa kukanyagia wa kimoja, kikaribiane na sentimita 63. Kwa ngazi za nje, kimo cha sentimita 15 na upana wa 33 hukaa vizuri mguuni. Epuka kabisa kipandio kimoja kilichojitenga njiani, maana jicho hukikosa na mtu huanguka. Ama kiwe mteremko, ama viwe vipandio vitatu na zaidi.

Sasa piga magoti ulitazame gurudumu la begi la safari. Mara nyingi kipenyo chake ni sentimita 5 tu, na linabeba kilo 20 au zaidi. Kwenye kokoto huzama, kwenye mawe ya mviringo hugonga na kuamsha kila aliyelala, na kwenye upenyo wa matofali yaliyochongwa pembe hukwama. Chagua matofali yenye kingo kali, yenye maungio yasiyozidi milimita 8 yaliyojazwa mchanga vizuri, au zege lililosuguliwa kwa ufagio ili lisiteleze. Kokoto ni nzuri kwa macho, basi zipe kando ya njia, zipokee maji ya mvua. Njia ilalie upande mmoja kwa asilimia 2 tu, maji yatiririke bila kulivuta pembeni gari la mtoto.

Taa ziwe chini, chini ya kimo cha kifua, zenye mwanga wa njano wa kelvini 2,700 hadi 3,000, na zielekezwe kwenye sakafu. Taa ndefu ya mlingoti huangaza vyumba vya kulala kuliko inavyoangaza njia. Namba za fleti ziandikwe kwa ukubwa wa kusomeka kutoka kwenye njia, na kila mgawanyiko wa njia uwe na kibao chake chenye taa. Yule kijana mwenye tochi ya simu asiihitaji.

Hatua ya nne: Panga majengo kuzunguka nyua ndogo

Milango 8 hadi 12 inayotazama ua mmoja hutosha watu kufahamiana kwa sura katika siku mbili, bila kuwa umati. Jengo refu lenye ujia wa pamoja na milango 30 iliyofuatana ni rahisi kulijenga, lakini hugeuza likizo kuwa bweni. Ukiweza, majengo yasizidi ghorofa tatu, kwa kuwa mtu wa ghorofa ya tatu bado anaweza kumwita mwanawe aliye bustanini na kusikika.

Sebule zinazotazamana ziachane kwa mita 18 hadi 21. Kama kiwanja hakitoi nafasi hiyo, usibane tu, bali geuza: jengo moja lielekeze sebule uani, na lililo mkabala lielekeze upande huo jiko na bafu zenye madirisha ya juu. Fleti zilizo karibu na bwawa au mgahawa zipe wageni wanaopenda shamrashamra, na zile za familia zenye watoto wadogo zitulie upande wa pili.

Hatua ya tano: Ipe kila fleti nafasi yake ya nje

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na ndipo wengi wanapokata kwanza bajeti inapopungua. Katika mradi mmoja niliowahi kushiriki, roshani zilipewa kina cha mita 1.2. Kwenye mchoro zilionekana kuwa na meza na viti viwili, lakini aliyechora alikuwa amevipunguza viti vile ili vitoshe. Msimu wa kwanza haujaisha, roshani zote zilikuwa zimegeuka kuwa mahali pa kuanikia taulo, na wageni walikuwa wamekaa kwenye vipandio vya ngazi.

Kina kisipungue mita 1.8, na ukiweza fikia 2.4. Watu wanne wakizunguka meza, kila kiti huhitaji kama sentimita 75 nyuma ya ukingo wa meza ili mtu ainuke. Chora samani kwa vipimo vyake halisi, mojawapo kikiwa kiti cha kulalia, kisha chora mtu anayepita nyuma ya aliyekaa. Ni heri roshani fupi yenye kina kuliko ndefu iliyo kama ukanda.

Kwa fleti za chini, swali gumu ni macho ya wapita njia. Mtu aliyekaa huwa na jicho kwenye kimo cha mita 1.2 hivi kutoka sakafuni, na anayetembea kwenye mita 1.6. Inua sakafu ya baraza kwa sentimita 45 juu ya njia, na macho ya wawili hao yatakuwa sawa: wataweza kusalimiana, lakini hakuna anayemtazama mwenzake kutoka juu. Kati ya baraza na njia acha ukanda wa mimea wa mita 2 au zaidi, mbele yake ukuta mfupi wa kimo cha kukalia. Kinga hiyo hufanya kazi kuliko ukuta wa mita 2, ambao humficha mgeni lakini humnyima bustani na upepo aliolipia. Mwinuko huo usimfungie nje mtu wa kiti cha magurudumu. Kwa fleti zake, tumia ardhi inayoteremka kwa asili, au mpe ua ulio sawa na njia na uzingire pande mbili kwa mimea mirefu zaidi.

Ua uliofungwa nao una mahali pake. Nyumba ambazo Jørn Utzon alizisanifu huko Helsingør, Denmark, mwishoni mwa miaka ya 1950, zina umbo la herufi L. Vyumba hushika pande mbili za ua, ukuta hushika pande zilizobaki, na kimo cha ukuta hupanda au kushuka kulingana na mandhari na macho ya jirani. Huo ukuta unaobadilika kimo ndio wa kuigwa: mrefu penye meza ya kulia, mfupi penye mandhari.

Juu ghorofani, adui ni jirani wa juu anayechungulia chini. Moshe Safdie aliligeuza tatizo hilo kuwa neema katika Habitat 67 ya Montreal, iliyojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1967: masanduku 354 ya zege yalipangwa kwa kupishana, hata paa la fleti moja likawa bustani ya nyingine. Huhitaji mradi mkubwa kiasi hicho. Kila ghorofa ikirudi nyuma mita 2 kutoka ile ya chini, paa linalobaki ni baraza, na ukiweka sanduku la mimea lenye upana wa sentimita 60 kwenye ukingo wake, aliye juu hawezi kusogea hadi kumwona aliye chini. Ukitumia njia hiyo, usifanye ubahili kwenye tabaka la kuzuia maji, kwani chini yake kuna mtu amelala.

Kizuizi cha roshani kiwe na kimo cha mita 1.1, mianya isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipenye, na nondo zisimame wima, kwa kuwa zilizolala ni ngazi kwa mtoto. Nusu ya kizuizi iwe imezibwa na nusu iwe wazi: aliyekaa apate pa kujificha na pa kutazamia. Sakafu iteremke 1 kwa 80 kuelekea kwenye tundu la maji, na kizingiti cha mlango kisizidi sentimita 2.

Kati ya mabaraza mawili yanayopakana usiweke pazia la mbao pekee. Weka kabati la kutunzia vifaa, la kina cha sentimita 60 na kimo cha mtu, ambalo huzuia sauti na macho kwa pamoja na humpa mgeni mahali pa viti, viatu vyenye mchanga na gari la mtoto. Ongeza bomba la maji, soketi ya umeme inayostahimili mvua, taa inayozimwa kutoka ndani, na kamba ya kuanikia iliyo chini ya kimo cha kizuizi. Usipompa mgeni kamba, ataanika kwenye kizuizi.

Hatua ya sita: Kivuli na mimea

Jua la kupanda na la kuchwa huingia likiwa limelala, na paa la juu halilizuii. Mabaraza yanayotazama mashariki na magharibi yahitaji kinga ya wima, iwe mbao zinazogeuzwa au mmea unaotambaa kwenye waya. Juu ya nyua tumia vichanja vya mbao vyenye mimea, ambavyo hupitisha upepo. Panda miti kando ya njia kila baada ya mita 7 au 8, ukitenga shimo la udongo lenye upana wa kutosha, la sivyo mizizi itainua matofali baada ya miaka michache na njia laini uliyoihangaikia itakuwa imekwisha. Karibu na mabaraza ya chini epuka mimea ya miiba, ya sumu, na inayodondosha matunda yenye rangi.

Hatua ya saba: Wahudumu nao ni watembea kwa miguu

Siku ya wageni kubadilishana, wahudumu wa usafi husukuma vitoroli vya mashuka tangu asubuhi. Wape njia isiyo na kipandio hata kimoja, chumba cha mashuka kwa kila nyua mbili au tatu, na lifti inayotosha kitoroli pale penye ghorofa. Mapipa ya taka yawe ndani ya mita 30 kutoka kwenye kila mlango, yamefunikwa, upande ambao upepo unatokea fletini kwenda kwayo, na yafikike na lori bila kuingia bustanini.

Hatua ya nane: Ijaribu ramani ardhini

Kabla msingi haujachimbwa, nunua vigingi, kamba na mfuko wa chokaa. Chora njia moja kamili kutoka maegeshoni hadi fleti moja, pamoja na baraza lake, kwa vipimo halisi. Weka meza na viti ndani ya mistari ya chokaa, mwalike mwenye mradi akae, kisha wewe tembea njiani mbele yake, na mbadilishane. Mkiona macho yenu yanagongana vibaya, sogeza kamba. Kusogeza kamba huchukua dakika moja, ilhali ukuta uliokwisha jengwa hauna wa kuusogeza.

Ujenzi ukikamilika, rudia safari hiyo kabla ya kupokea kazi kutoka kwa mkandarasi. Ifanye usiku, mara baada ya mvua, ukiburura begi lenye kilo 20, mwenzako akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mwingine amebeba mzigo unaomziba macho. Andika kila dimbwi, kila gurudumu lililokwama, kila taa iliyowapiga usoni na kila kona iliyowafanya msimame kujiuliza mpite wapi. Orodha hiyo, pamoja na tarehe ya kurekebisha kila kasoro, iambatanishwe na hati ya makabidhiano kabla ya malipo ya mwisho kutolewa.